Hati Moja, Mikono Mingi

Uvivu wa akili una lugha yake, na neno lipendwalo zaidi katika lugha hiyo ni "wote". Wote walifanya hivi. Wote waliamini vile. Wote walikuwa sawasawa. Neno hili humpunguzia msemaji taabu ya kutazama, humvika joho la ujuzi asilolistahili, na humdhulumu yule anayesemwa. Katika insha hii nakusudia kulishtaki neno hilo. Mashahidi wangu ni mawe yaliyochongwa na watu wa Maya, katika misitu ya Amerika ya Kati, karne nyingi kabla ya Columbus kuvuka bahari.

Nianze na aibu iliyotokea karibuni. Mwezi wa Desemba mwaka 2012 watu wengi katika nchi mbalimbali walishikwa na hofu. Ilitangazwa kwamba Wamaya walitabiri mwisho wa dunia, na kwamba siku yenyewe ilikuwa tarehe 21 ya mwezi huo. Siku ikafika, jua likachomoza, likatua, na dunia ikabaki mahali pake. Ndipo watu wakacheka na kusema, "Wamaya walikosea." Lakini aliyekosea alikuwa nani? Tarehe ile imo katika mawe machache mno kati ya maelfu ya maandishi ya Kimaya yanayojulikana. Jiwe moja lilitoka Tortuguero, mji mdogo katika jimbo la Tabasco, nchini Meksiko. Mwandishi wake alikuwa akiadhimisha jengo lililozinduliwa mwaka 669, naye akaiunganisha siku hiyo na siku ya mbali ambayo mzunguko mmoja mkubwa wa kalenda ungetimia. Jiwe halisemi kwamba dunia itateketea. Jiwe la pili, la La Corona nchini Guatemala, liliitaja tarehe hiyo katika habari za ziara ya mfalme mwaka 696. Maneno ya waandishi wa miji miwili yalitwaliwa, yakapotoshwa, kisha yakatiwa kinywani mwa taifa zima. Hiyo ndiyo kazi ya neno "wote".

Sasa na tutazame Wamaya walikuwa watu gani. Nchi yao ilienea kusini mwa Meksiko, Guatemala, Belize, na sehemu za magharibi za Honduras na El Salvador. Kati ya mwaka 250 na mwaka 900 hivi walijenga miji mikubwa, na katika nyua za miji hiyo walisimamisha nguzo za mawe, ambazo wao wenyewe waliziita kwa jina lenye maana ya "mawe makubwa". Hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Kila mji mkuu ulikuwa na kiti chake cha enzi, maadui zake na marafiki zake. Miji ilioana, ilipigana, ilitozana kodi na kupatana. Lakini iliunganishwa na kalenda moja na hati moja.

Hati hiyo ilikuwa na mamia ya alama. Nyingine zilisimama badala ya neno zima, na nyingine badala ya silabi. Neno "pakal", kwa mfano, maana yake ni ngao. Mwandishi aliyetaka kuliandika aliweza kuchora ngao, au kuziandika silabi tatu, pa-ka-la, au kuchanganya njia zote mbili. Hebu fikiri, msomaji, jinsi uhuru huo ulivyokuwa mkubwa. Mwandishi hakuwa karani wa kunakili tu. Kila neno lilimtaka achague. Isitoshe, katika lugha yao neno moja lilitumika kwa kuandika na kwa kuchora rangi. Mtu wa kalamu na mtu wa picha walikuwa ndugu, na mara nyingi walikuwa mtu yule yule.

Kwa miaka mingi watu wa nje walikataa kuyaona haya. Mwaka 1839 msafiri Mmarekani, John Lloyd Stephens, alifika Copán nchini Honduras pamoja na mchoraji Mwingereza, Frederick Catherwood. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1841 Stephens alishikilia kwamba mawe yale yalikuwa kazi ya wazee wa wenyeji wa nchi hiyo, na kwamba historia ya mji ilikuwa imeandikwa juu yake. Alisema kweli, lakini walikuwapo waliopendelea kuamini kwamba wajenzi walitoka Misri, au kwa Wafinisia, au katika makabila ya Israeli yaliyopotea. Afrika nasi twaijua dhuluma hiyo. Kuta za Zimbabwe Kuu nazo zilipewa wageni, ijapokuwa uchunguzi wa mwaka 1905, na tena ule wa mwaka 1929, ulionyesha kuwa ni kazi ya Waafrika.

Hata wasomi walioikubali asili ya Wamaya walianguka katika shimo la pili. Mwingereza J. Eric Thompson, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wenzake katikati ya karne ya 20, alifundisha kwamba maandishi ya nguzo yalihusu wakati, nyota na miungu, wala hayakuhusu matendo ya wanadamu. Kwa fundisho hilo Wamaya wote wakawa makuhani watulivu wanaohesabu siku, na mawe yao yote yakawa kalenda. Thompson hakuwa mjinga, wala hakuwachukia Wamaya. Alizijua tarehe zao kuliko watu wengi wa zama zake. Kosa lake lilikuwa kuuliza, "Wamaya walisema nini?" kabla ya kuuliza, "Jiwe hili, la mji huu, lasema nini?"

Aliyeuliza swali hilo la pili ni Tatiana Proskouriakoff, mwanamke aliyezaliwa Urusi na kukulia Marekani. Mwaka 1950 alitoa kitabu kilichochunguza mtindo wa sanamu za Wamaya, jiwe baada ya jiwe. Kisha akautazama kwa makini mji mmoja, Piedras Negras, ulio kando ya mto Usumacinta. Aliona kwamba nguzo za mji huo zimepangwa kwa mafungu, na kwamba kila fungu lina nguzo inayomwonyesha mtu ameketi ndani ya shubaka, juu ya ngazi. Akazihesabu tarehe za kila fungu, akaona kwamba hazizidi umri wa mwanadamu. Mwaka 1960 akatangaza hitimisho lake: watu wale si miungu, bali ni watawala, na tarehe zile ni za kuzaliwa kwao na kutawazwa kwao. Thompson mwenyewe alikubali. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1958, Heinrich Berlin alikuwa amegundua kwamba kuna alama ambazo kila moja yahusiana na mji wake. Naye Yuri Knorozov, msomi wa Urusi ya Kisovieti, alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1952 kwamba hati ile ilikuwa na silabi za kusomwa kwa sauti. Angalia basi mlango ulifunguliwa kwa ufunguo gani. Historia ya Wamaya ilianza kusomeka pale wasomi walipoanza kutofautisha mji na mji, mtawala na mtawala, alama na alama.

Twende sasa mjini kwa mji, ili usiniamini kwa maneno matupu.

Palenque, magharibi mwa nchi ya Wamaya, karibu haukusimamisha nguzo kabisa. Wachongaji wake walipenda vibao vipana vya jiwe la chokaa lenye chembe ndogo, vilivyopachikwa ndani ya kuta za mahekalu. Huko walichonga kwa kina kidogo na kwa mistari laini, kama watu wanaochora kwa brashi, na pembeni wakaandika habari ndefu. Katika Hekalu la Maandishi kuna alama zaidi ya 600, na chini yake, mwaka 1952, Alberto Ruz alifungua kaburi la mfalme K'inich Janaab Pakal, aliyetawala tangu mwaka 615 hadi 683.

Copán, upande wa kusini mashariki, ulifuata njia nyingine kabisa. Huko mchongaji alitumia jiwe lililotokana na majivu ya volkano, akamtoa mfalme ndani ya jiwe mpaka mabega na mikono ikasimama karibu kama mwili wa mtu hai. Waandishi wa mji huo ndio walioandika maandishi marefu kupita yote ya Wamaya yajulikanayo, yenye alama zaidi ya 2,000, katika ngazi za hekalu moja. Ngazi nyingi ziliporomoka, na zilipojengwa upya katika miaka ya 1930 mawe mengi yaliwekwa bila mpangilio wake wa asili, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na mtu wa kuyasoma.

Jirani wa Copán ni Quiriguá, mji mdogo uliokuwa chini yake. Mwaka 738 mtawala wa Quiriguá alimkamata mfalme mkuu wa Copán, mwenye jina la Waxaklajuun Ubaah K'awiil, akamkata kichwa. Baada ya ushindi huo Quiriguá uliiga nguzo za bwana wake wa zamani, kisha ukataka kuzipita. Mwaka 771 ukazindua nguzo ambayo kimo chake chote, pamoja na sehemu iliyofukiwa ardhini, chapita meta 10, na uzito wake ni tani zipatazo 65. Sijui kama yupo aliyepata kutangaza uhuru wake kwa sauti kubwa kuliko hiyo.

Tikal, katikati ya msitu wa Guatemala, ulipenda kuheshimu yaliyopita. Nguzo yake ya 31, ya mwaka 445, ilifuata kwa makusudi sura ya nguzo ya mwaka 292 katika mji huo huo, kana kwamba mfalme alisema, "Mimi ni mtoto wa wazee wangu." Na Chichén Itzá, kaskazini katika Yucatán, uliandika zaidi juu ya vizingiti vya milango katika karne ya 9. Maandishi yake yanapendelea silabi kuliko miji mingi ya kusini. Yanazungumzia kuzinduliwa kwa majengo na ibada za moto, na ni nadra kuhadithia maisha ya mfalme tangu kuzaliwa hadi kufa.

Hapa najua mtu atanikatiza. Atasema, "Tofauti hizo si za akili wala za mila. Ni za mawe tu. Aliyekuwa na jiwe laini alichonga laini, na aliyekuwa na jiwe gumu alichonga kwa shida." Pingamizi hili lina chembe ya ukweli, maana hakuna fundi asiyeisikiliza malighafi yake, na hasa fundi aliyefanya kazi bila patasi ya chuma, kwa zana za gumegume na mawe mengine magumu. Lakini chembe si pishi. Quiriguá ulichonga jiwe la mchanga, na Toniná katika Chiapas nao ulichonga jiwe la mchanga. Quiriguá ulifanya majitu yaliyofunikwa kwa maandishi. Toniná ulifanya sanamu za kimo cha mtu, zinazoweza kuzungukwa pande zote, pamoja na mateka waliofungwa kamba.

Kama hilo halikutoshi, tazama miji miwili ya mto mmoja. Yaxchilán na Piedras Negras iko kando ya Usumacinta, umbali wa kilometa zipatazo 40, na yote miwili ilichonga jiwe la chokaa. Piedras Negras ulijulikana kwa watawala katika shubaka. Yaxchilán ulijulikana kwa vizingiti vya juu ya milango, ambavyo mtu hakuviona mpaka ainue uso wakati wa kuingia. Katika kimoja, malkia K'abal Xook anapitisha kamba yenye miiba katika ulimi wake, huku mfalme ameshika mwenge. Tendo hilo la ibada lilikuwa la mwaka 709. Katika kingine cha jengo hilo hilo, maandishi yamegeuzwa nyuma mbele kama yaonekanavyo katika kioo. Vizingiti hivyo viwili vimo leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London. Mto ulikuwa mmoja, na jiwe lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni mikono, na walimu walioifundisha mikono hiyo.

Mtu wa pili atanikatiza kwa ukali zaidi, na huyu namheshimu, maana anaogopa jambo la haki. Atasema, "Wewe unawafundisha vijana kutazama tofauti. Je, huo si ukabila uliovikwa nguo za elimu? Ni heri kusema Wamaya ni wamoja, tukaishia hapo." Namjibu hivi. Ukabila hausemi kwamba watu wanatofautiana. Husema kwamba wale si kitu na sisi ndisi. Mwandishi wa Copán na mwandishi wa Palenque walitofautiana katika mkono, lakini kila mmoja angaliweza kuisoma kalenda ya mwenzake. Tena wasomi wengi leo wanakubali kwamba waandishi wa miji mingi walitumia lugha moja ya heshima, ya tawi la Kichol, hata pale watu walipozungumza lugha nyingine nyumbani. Na katika maandishi ya kaskazini maneno ya Kiyukateki hupenya. Basi umoja wao ulikuwapo, na ulidumu kwa karne nyingi bila mfalme mmoja wa kuulazimisha. Ulidumu kwa sababu kila mji ulipata nafasi ya kusema kwa sauti yake. Umoja unaotaka sauti zote zinyamaze ila moja ni umoja wa makaburini.

Lakini sababu yangu kubwa ya kulipinga neno "wote" bado sijaitaja. Sababu hiyo ni majina. Katika miaka ya 1980 wasomi walitambua fungu la alama linalotangulia majina ya wachongaji, yaani maneno ya kusema kwamba jiwe hili limechongwa na fulani. Saini hizo ni nyingi hasa katika Piedras Negras na miji ya jirani. Katika Nguzo ya 12 ya mji huo, ya mwaka 795, wachongaji kadhaa waliweka majina yao juu ya jiwe moja. Mfalme alitaka akumbukwe yeye, na mafundi wakajitafutia nafasi ndogo pembeni, wakasema, "Na sisi tulikuwapo." Majina hayo yalidumu katika mvua na mizizi ya miti kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ni nani mwenye haki ya kuyafuta leo kwa kusema kwa mkato kwamba jiwe lile "lilichongwa na Wamaya"?

Wako pia wanaoyafuta kwa msumeno. Tangu miaka ya 1960 wezi walivamia misitu, wakazikata nyuso za nguzo, wakaziuza kwa matajiri na kwa majumba ya sanaa ya nchi za mbali. Kazi hiyo ilimwaga damu: mwaka 1971, huko La Naya nchini Guatemala, mmoja wa watu waliofuatana na mtafiti Ian Graham aliuawa kwa risasi na waporaji. Jiwe lililoibwa hufika sokoni bila kwao, na muuzaji hutosheka kuliandikia "sanaa ya Kimaya". Neno la jumla humfaa sana mwizi.

Tofauti, kwa upande wake, humfichua. Vibao vingi vya namna hiyo vilitawanyika Marekani na Ulaya, wala hapakuwa na aliyejua vilikotoka. Wasomi wakaona kwamba vinafanana kwa ukubwa, kwa mtindo na kwa majina yaliyoandikwa humo, wakauita mji usiojulikana kwa herufi Q. Mwaka 1997 watafiti walifika La Corona, na mwaka 2005 kikaonekana huko kibao kilichokuwa bado mahali pake, ndugu wa vile vilivyoibwa. Hivyo mji ukapata jina, na mawe yakapata kwao. Lau mikono yote ya Wamaya ingalikuwa mmoja, njia ya kuyarudisha nyumbani isingalionekana kamwe.

Msomaji, Wamaya hawakufa. Mamilioni ya watu huzungumza leo lugha zipatazo 30 za jamii ya Kimaya, na baadhi yao wamejifunza tena hati ya babu zao na kuichonga upya. Wao si "fumbo lililopotea", kama vitabu vya kuuza ndoto vipendavyo kuwaita. Wana haki ya kuambiwa wazee wao walitoka mji gani, walisoma kwa nani na waliandika nini.

Nawe siku moja utafungua kitabu, au utasimama katika jumba la makumbusho mbele ya jiwe, na chini yake utakuta maneno mawili au matatu ya kulieleza taifa zima. Usitosheke nayo. Uliza jiwe hilo lilitoka mji gani, mwaka gani, na ni nani aliyelichonga. Ukikosa jibu, uliza tena. Maana mtu aliyetia saini pembeni mwa jiwe la mfalme alikuwa akikungoja wewe uulize.